Mkono wa Fundi Mwingine

Sevilla, Jumatano 7 Mei 2025

Chéri Ladislas,

Tumefika salama jana mchana. Auntie Saro mguu umemvimba lakini mdomo haujachoka, ameongea kuanzia Durban hadi hapa, na jamaa aliyekaa kiti cha pembeni yetu alijifanya amelala saa tisa nzima. Nakuandikia e-mail kama tulivyopatana, maana ujumbe wa sauti ukiingia dukani kwako unasikilizwa na wateja sita kabla yako.

Kabla sijasahau: wiki hii ni sikukuu ya mji. Wanawake wamevaa magauni yaliyobana hadi magotini, halafu chini yanafunguka marinda juu ya marinda. Jana teksi yetu ilisimama kwenye robot, taa zikiwa nyekundu, wakapita wanane mbele yetu, na mimi nikasema kwa sauti, "Mungu wangu, mume wangu angelia." Auntie akaniuliza mume wako analia kwa nini, nikamwambia ni fundi cherehani.

Leo amenipandisha mnara wa kanisa kuu, unaitwa Giralda. Nilimkatalia. Mama wa miaka sabini na sita, nyonga mbovu, anapandaje mnara? Akaniambia ameniajiri nimtunze, nisimfundishe historia, kwa sababu historia amefundisha yeye miaka thelathini shuleni pale Chatsworth. Kumbe ndani hakuna ngazi, ila chache za mwisho. Ni njia ya mteremko inayozunguka na kuzunguka, mizunguko thelathini na tano, wanasema ilijengwa hivyo ili mwadhini apande akiwa juu ya mnyama, maana zamani palikuwa msikiti. Kila dirisha Auntie alipumzika na kunisomesha. Mimi nilibeba fimbo yake, mkoba wake, dawa, chupa ya maji, tiketi na pasipoti zote mbili. Mikono niliyopewa ni miwili tu.

Huko baridi imeanza? Ule wali niliouacha kwenye friji umekula?

Wako,
Huguette

*

Isipingo, Alhamisi 8 Mei 2025

Mke wangu Huguette,

Nimefurahi mmefika. Furaha yangu imeishia hapo.

Nina wivu, nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuficha. Nauonea wivu huo mnara, na yule jamaa wa kwenye ndege, ingawa alikuwa amelala. Hao mafundi wa marinda siwasemi kabisa. Unaniandikia "marinda juu ya marinda" kana kwamba unamwandikia mtu anayeuza viatu! Ni mangapi? Yamekatwa kwa mduara au yamekunjwa? Pindo limeshonwa kwa mashine au kwa mkono? Ukiwaona tena, inama uangalie. Watakufikiria mwizi, lakini inama.

Pacifique wa duka la simu ameniambia saa za huko na za huku ni zile zile. Kwa hiyo usinidanganye kwamba ulikuwa umelala.

Jambo moja la maana. Lile gauni la bluu nililokushonea kwa ajili ya safari lisiguswe na mtu. Uzi ukikatika, subiri urudi. Unajua tulivyoanza, siku ile ulikuja na kitenge chako cha ubatizo wa mtoto wa Valérie, nikakupima kiuno mara tatu nikijifanya nasahau namba. Tangu siku ile hakuna futi ya mwanaume mwingine iliyozunguka mwili wako, na mimi jambo hilo linanipa usingizi.

Wali nimekula. Leo Anaïs alikuja kupimwa gauni la harusi ya dada yake, anakusalimu sana.

Tena, nani anapiga picha zako?

Mume wako,
Ladislas

*

Sevilla, Jumamosi 10 Mei 2025

Chéri,

Picha anapiga Auntie. Ndiyo maana kila picha ina kidole chake.

Jana tulikwenda jumba la makumbusho la picha za kuchora. Zamani lilikuwa nyumba ya watawa, lina ua wa kupumzikia wenye michungwa na kuta za vigae. Iko picha moja kubwa ya watawa wamekaa mezani, wote wamevaa nyeupe tupu. Nilisimama pale hadi mlinzi akaanza kunikaribia. Nilikuwa nakuangalizia mshono, Ladislas. Nyeupe ile si moja. Ya begani ni kama maziwa, ya kwenye mkunjo ni kama majivu, ya mkononi ina unjano kidogo. Nilihesabu tano. Kitambaa kizito, kinaanguka bila kuvutwa, na mikono ni mipana kiasi kwamba kila mtawa ameficha mikono yake ndani na ametulia. Aliyechora, miaka karibu mia nne iliyopita, nahisi alizaliwa nyumba ya mfanyabiashara wa vitambaa au fundi. Mtu mwingine asingejua.

Auntie alipenda zaidi picha za watakatifu wanawake waliovaa hariri. Akasema, "Girlie, huyu anakwenda kuuawa kwa ajili ya Yesu na bado amechagua mkanda unaoendana na sketi." Tukacheka hadi tukatolewa macho.

Nakutumia picha moja, niko uani na gauni lako la bluu. Wazungu watatu wameniuliza nimelinunua wapi. Nikawaambia Isipingo. Wakafikiri ni jina la kampuni.

Msalimie Anaïs.

Huguette

*

Isipingo, Jumapili 11 Mei 2025

Huguette,

Nimetoka kanisani. Picha nimeiona tangu jana, nimeiangalia wakati wa mahubiri, Pascal amenikanyaga mguu.

Nzuri. Gauni limekaa. Wewe mwenyewe umependeza kupita ninavyotaka upendeze ukiwa mbali.

Nina swali moja tu. Mkono wako wa kulia uko wapi?

Wa kushoto nauona, umeshika fimbo ya Auntie. Wa kulia unashuka vizuri hadi kwenye nyonga, halafu haupo.

Ladislas

*

Sevilla, Jumatatu 12 Mei 2025

Chéri Ladislas,

Mkono uko nyuma ya mgongo. Maswali gani haya?

Leo tumeingia jumba la wafalme, Alcázar. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na nyuma yetu mama mmoja alilia kwamba mkoba wake umefunguliwa na mtu. Auntie akaanza kutetemeka kwa ajili ya pasipoti. Nikamtuliza. Ndani kuna kuta zimechongwa plasta kama lesi, ungefikiri ukizigusa zitalegea. Auntie akaniambia mfalme Mkristo ndiye aliyejengesha sehemu ile, lakini akaita mafundi Waislamu, kwa sababu mtu anayejua kazi ni anayejua kazi. Nikasema nitakuandikia neno hilo.

Bustani yao ina tausi. Mmoja alimfukuza mtalii, Auntie akapiga makofi.

Kula vizuri. Usile chipsi kila siku.

Huguette

*

Isipingo, Jumanne 13 Mei 2025

Huguette,

Nyuma ya mgongo!

Jana jioni nimepeleka picha dukani kwa Pacifique, akaikuza kwenye kompyuta, akanitolea kwenye karatasi kubwa. Iko hapa mbele yangu, juu ya mashine. Mkono wako hauko nyuma ya mgongo. Mkono wako umeingia ndani ya gauni hadi kifundo. Mshono wa pembeni umefunguliwa vidole vinne chini ya kiuno, na pale pana mfuko.

Miaka tisa nakuambia sitaki mifuko kwenye gauni la mwanamke. Mfuko unavuta nyonga, unaharibu mwanguko. Sawa, tuseme ulikuwa na haja. Tuseme ni wewe na sindano ya hoteli. Ningecheka, ningesamehe, ningefumua. Lakini mimi naujua mkono wako, Huguette. Wewe ukishona kifungo, shati linapata homa. Mshono huu ni mdogo, wa sawasawa, na ule mdomo wa mfuko umepigwa mara mbili usitanuke. Ni kazi ya mtu anayejua. Ungekuwa mbovu nisingeumia hivi.

Na mfuko hauwekwi kwa kubahatisha. Unapima kutoka kiunoni hadi nyongani, unamwambia mtu anyooshe mkono, unaona kiganja kinafika wapi, unaweka alama ya chaki. Najua futi inapita wapi na najua vidole vinagusa wapi. Nimefanya kazi hii miaka ishirini. Usinifundishe.

Nimekosa usingizi. Nimeharibu kola mbili za kwaya. Nimemwambia Pascal, yeye ndiye parrain, msimamizi wa ndoa yetu, amesema ukirudi tutakaa wote, wewe, mimi, yeye na mke wake. Anasema mwanamke anayesema mkono uko nyuma ya mgongo ana neno lingine nyuma ya mgongo.

Huyo mtu ni nani? Anaitwa nani? Ulikuwa peke yako naye?

Lile gauni sitaki kuliona nyumbani kwangu.

Ladislas

*

Sevilla, Ijumaa 16 Mei 2025

Ladislas,

Nimekaa siku tatu bila kukujibu kwa sababu kila nikianza naandika matusi. Leo nitaandika taratibu.

Nilikudanganya. Hilo ni kosa langu na naomba radhi. Nilijua utakavyokuwa, na umekuwa hivyo hivyo.

Anaitwa Ildephonse. Ni mtu wa Bukavu, yuko hapa miaka kumi na miwili. Alhamisi ile, siku moja baada ya mnara, nilikuwa natafuta duka la dawa nikasikia mlangoni mtu anasema kwenye simu, "Niko nakuya, ungoyee kidogo." Ladislas, karibu nianguke. Kiswahili, katikati ya mji huu! Nikageuka. Ana kioski kidogo, anarekebisha suruali za watu na kushona hayo marinda unayoyaota. Nikamwambia nimebeba dawa za mtu mzima na pasipoti mbili na mikono haitoshi. Akasema, "Dada, mfuko ni nusu saa."

Ndiyo, alinipima. Kutoka kiunoni hadi nyongani, kama ulivyosema. Niliingia nyuma ya pazia, nikavaa kanga ya mke wake nikisubiri. Mke wake alikuwepo, lakini sikuambii ili upoe. Hata asingekuwepo ningepimwa.

Sasa nisikilize wewe. Miaka tisa, kila Jumamosi, nimekaa kwenye kile kigoda chako nikikata nyuzi, na mbele yangu ni pazia. Nyuma ya pazia nakusikia: "Inua mikono, mama. Vuta pumzi. Geuka kidogo." Namsikia Anaïs anacheka. Anaïs amepimwa mara nne mwaka huu, harusi za dada zake haziishi. Unajua nilikuwa najisikiaje? Nilikuwa nakata uzi hadi nakata na kitambaa. Yale mashati mawili ya mzee Gadiel uliyodhani yaliliwa na panya ni mimi. Niliona wivu, na bado nikawapa hao wanawake chai. Je, niliwahi kumwita Pascal? Wewe umeguswa na futi moja kwa nusu saa, tena si wewe, na tayari umekusanya kamati.

Nilitaka kuishia hapo. Lakini kuna jambo linaniumiza kuliko Pascal wako.

Ildephonse alipofumua mshono wa pembeni aliangalia ndani akasema, "Fundi wako alibana. Aliacha kitambaa cha kidole kimoja tu ndani ya mshono. Mie kwa bibi yangu naachaka vidole tatu kila nguo, juu siku akibeba mimba tunaifungua, havai nguo ya mwingine." Nikamjibu fundi wangu ni mume wangu. Akainamia kazi, akashona. Aliona aibu.

Nilirudi hotelini, nikajifungia bafuni, nikageuza nguo zangu ndani nje. Nimekuja na magauni yako matatu. Lile la zambarau la miaka mitano iliyopita: vidole vitatu kila upande. La kijani la Krismasi iliyopita: vitatu. Nikakaa chini kwenye vigae, nikalia. Miaka yote ulikuwa unaniachia nafasi ya mtoto na hukuniambia neno. Mimi nilidhani hujali. Mama yako akipiga simu Jumapili kutoka Uvira na kuniuliza "bado?", wewe unatoka nje kuangalia mvua ambayo hainyeshi. Nikadhani umechoka na mimi. Kumbe ulikuwa unasubiri kimya kimya, ndani ya mshono.

Halafu la bluu. Umelishona mwezi wa nne. Kidole kimoja, kama la mteja.

Kwa nini, Ladislas? Umekata tamaa lini? Au siku hizi vidole vitatu unamwachia mtu mwingine?

Auntie ana mpwa wake kwenye mji wa Valencia, anatuita tukakae hadi mwisho wa Juni. Viza zinaruhusu. Ameniuliza kama nitaongozana naye. Sijamjibu.

Huguette

*

Isipingo, Jumatatu 19 Mei 2025

Huguette,

Barua yako niliisoma dukani, nikafunga duka. Mteja aligonga, sikufungua.

Hakuna mwanamke ninayemwachia vidole vitatu. Kwa wateja naacha kimoja, hata kwa Anaïs, hata kwa mke wa mchungaji. Vitatu vilikuwa vyako tu. Nilianza na gauni la kwanza baada ya harusi. Sikukuambia kwa sababu niliogopa kukutia presha, mama yangu alikuwa anakupa ya kutosha. Nilitaka siku ile ifike, wewe ulalamike nguo zinabana, halafu mimi nichukue wembe, nifumue, nikuonyeshe kwamba nilikuwa nimejiandaa. Niliifikiria siku hiyo mara nyingi mno. Nilikuwa hata najua nitasema nini.

Mwezi wa pili nilikuambia nakwenda mjini kununua zipu. Sikununua zipu. Nilikwenda kwa daktari kupimwa, peke yangu. Nikarudi tena kuchukua majibu. Ni mimi. Daktari alieleza kwa adabu, akachora na kalamu, lakini maana yake ni kwamba ni mimi, tangu mwanzo, na wewe huna kasoro yoyote.

Nilipokuwa nakata kitambaa cha bluu, chaki ilifika pale pembeni, mkono ukasimama. Nilijiambia nikiweka alama ya vitatu nakudanganya. Nikaweka kimoja. Hapo bado nilikuwa nakudanganya, najua.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa kichaa. Sikuogopa futi ya yule mtu. Niliogopa kwamba uko mbali, mzuri hivyo, na mwanaume yeyote unayekutana naye barabarani, hata yule wa kwenye ndege, anaweza kukupa kitu ambacho mimi sina. Hata mzee. Hata mjinga. Wivu wa namna hii sijawahi kuuona, hauna adui mmoja wa kumshika shati. Nilipoona ule mshono mzuri kwenye gauni lako nikasema, tazama, imeanza.

Pascal nimemwambia asije.

Ladislas

*

Sevilla, Jumatano 21 Mei 2025

Ladislas,

Nimekusoma mara nne.

Jana Auntie alinipeleka kwenye kanisa dogo la chama cha ibada ambacho miaka mia sita iliyopita kilikuwa cha watu weusi wa mji huu, watumwa na walioachiwa huru. Alikuwa amelingoja sana, alisema hilo ndilo alilotaka nilione mimi. Nilisimama mbele ya Bikira Maria nikaona mishumaa tu. Auntie akasema, "Girlie, unaangalia huo ukuta kana kwamba umekukosea." Nikamwambia si ukuta, Auntie.

Kuhusu mtoto sina hasira na wewe. Hilo lishike, nimeliandika polepole ili usilisome vibaya. Mtu halaumiwi kwa mwili wake. Ningekulilia na ningelia na wewe, kama ungenipa nafasi.

Hasira yangu ni ya majani. Mama yako ametuma majani machungu ya uzazi kutoka Uvira tangu mwaka wa pili wa ndoa yetu, na mimi nimeyachemsha, nimeyanywa. Nimeyanywa mwezi wa pili. Nimeyanywa mwezi wa tatu na wa nne, nimetapika kwenye sinki, na wewe ukanishika mgongo. Ulikuwa unajua! Ulinishika mgongo, ukanipa maji, ukajua. Wivu wako nimeuzoea, nauona hata kama umevaa kofia. Hilo la kunishika mgongo silielewi.

Kanisani Isipingo wananiombea mimi. Wake za marafiki zako wananikwepesha watoto wao wachanga, eti nisiumie. Dada zako wamekuambia mara ngapi utafute mwingine? Nilisikia, kuta zetu ni nyembamba. Miaka tisa aibu imekaa kwangu peke yangu, na tangu mwezi wa pili ulikuwa na uwezo wa kuiondoa kwa sentensi moja.

Kwa hiyo mpigie mama yako. Usinisubiri nije nikushike mkono. Usimtume Pascal, usimwandikie dada yako. Mwambie kwa mdomo wako.

Auntie anaondoka Ijumaa kwenda Valencia, na tiketi amenikatia na mimi. Tiketi yangu ya kurudi Durban ni ya Jumamosi. Nina zote mbili mezani.

Huguette

*

Isipingo, Alhamisi 22 Mei 2025

Huguette,

Nimempigia saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajaenda sokoni, kabla sijapata muda wa kuogopa. Nakuandikia alivyosema na nilivyosema, bila kupunguza.

Nilisema, "Mama, ile shida ya mtoto iko kwangu. Daktari alinipima mwezi wa pili. Huguette iko mzima."

Akasema, "Nani amekufundisha kusema hivyo? Ni ye?"

Nikasema, "Hapana. Ye alikuwa hajui. Nilimufichaka."

Nilisikia kuku wake tu. Nikadhani simu imekatika, nikaita, "Mama?" Akasema, "Niko." Halafu akaniuliza yale majani ulikuwa unayanywa kweli au ulikuwa unayamwaga. Nikamwambia ulikunywa yote. Akasema, "Eh, Mungu wangu," akarudia mara mbili, na sauti yake ikawa ndogo. Alikuwa analia, Huguette. Sijawahi kumsikia akilia tangu tumzike Baba. Akasema nimwombee msamaha kwako, nikamwambia wangu mwenyewe sijui kama nitaupata, wa kwake auombe mwenyewe. Akasema atafanya hivyo.

Nilirudi kulala nikashindwa. Saa mbili nikaenda kwa Pascal na mke wake nikawaambia nao, mlangoni, nimesimama. Mke wa Pascal hakunikaribisha ndani. Alisema, "Na sisi tulikuwa tunamuombea ye!" akafunga mlango. Jumapili nitasimama kanisani wakati wa ushuhuda. Mchungaji nimeshamwambia.

Hilo la kukushika mgongo, jibu lake ni hili. Nimelitafuta tangu jana. Nilikuwa naogopa, na kuogopa hakutoshi. Nilikuona unatapika, nikasema kesho nitamwambia, na kesho yake nikasema hivyo hivyo. Nilijua ukijua utakuwa huru kuondoka, nikapenda uumwe ukiwa kwangu kuliko upone ukiwa kwa mwingine. Nimeandika hilo nikaona aibu kulisoma, lakini ndilo la kweli.

Kabla hatujakata simu, Mama aliniuliza neno la mwisho. "Na bibi yako, atarudia nyumbani?"

Nikamwambia, "Sijui, Mama. Sijamuuliza. Nilikuwa namuuliza mambo mengine."

Sasa nakuuliza.

Ladislas